Marando ya Bondeni

Hajafa. Ondoeni hizo nyuso za msibani. Mke mwenzangu yu hai, yuko Nzega kwa binti yake, anakula wali kila siku na analalamika kwamba wali haushibishi. Ijumaa mjukuu ananipigia ile namba, maana mimi namba sizijui, nami namwigizia sauti ya marehemu mume wetu: "Wake zangu! Leo jiko limekufa?" Zamani alikuwa akicheka mpaka anashika ukuta. Siku hizi hacheki, anauliza tu kama mvua zimenyesha huko.

Wala sikumfukuza. Najua watu wanavyosema wakisikia wake wenza. Tuligombana, ndiyo, tulipokuwa na mume wa kugombania. Alipokufa tukatazamana, tukaona tumebaki na jiko moja na wajukuu wa kulisha, sasa ugomvi wa nini? Yeye akaniita dada, mimi nikamwita bibi mdogo, ingawa kwa mvi alinishinda. Tangu mkutano mmoja nitakaowasimulia, yeye Nzega, mimi Ipuli mjini kwa mwanangu, na nyumba yetu kule kijijini, njia ya Ulyankulu, inalala popo.

Kilichotuweka pamoja ni viazi. Chekeni tu.

Kiazi kitamu hakina mbegu ya kutia kibuyuni kama mtama. Mbegu yake ni marando, yale yanayotambaa, na lazima yawe hai. Sasa jua la kwetu, mwezi wa tisa, wa kumi, hata mbwa anatembea kwa kurukaruka. Kwa hiyo mvua zikikatika, wanawake wote tulikuwa tunateremsha marando bondeni, kwenye tope la chini ya chemchemi, kila mama na kipande chake. Mvua zikirudi tunakata, tunapandisha shambani. Mama mkwe wetu alisema ya kwetu yalikuja na wapagazi. Babu yake aliyapewa huko njiani, Ugogo, akayafunga kwenye kitambaa kibichi juu ya mzigo wa mtu mwingine. "Pembe za tembo zilikwenda pwani, hatukuziona tena," alikuwa akisema, na sauti yake ilikwaruza hivi, kama sufuria, "marando yakabaki."

Bibi mdogo ndiye mwenye mkono wa marando. Mimi nikiyashika yanakufa kwa ukaidi. Kazi yangu ilikuwa matobolwa: nachemsha viazi, namenya, nakata, naanika juu ya mwamba mpaka vinakuwa vigumu kama kisigino changu. Mwezi wa kwanza, wa pili, mahindi bado shambani na ghala limefagiwa, tunachemsha matobolwa na karanga, watoto wanalala wameshiba. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yetu.

Basi ukaja mradi. Mwenyekiti wa kijiji, yule anayeongea puani, akatukusanya shuleni kabla wageni hawajafika. "Wananchi! Mataifa yameshikana mikono! Chakula, maji, misitu, vyote! Sasa wageni wakiuliza, mjibu vizuri. Sitaki mtu aniletee maneno ya matope." Na matope tuliyajua. Ilikuwa imeshatangazwa kwamba kufanya shughuli yoyote karibu na chemchemi ni kosa. Tulikuwa tunashusha marando alfajiri, tukikutana tunaulizana habari za kuni.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa Kizungu, mwembamba, na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Kila neno amelipiga pasi. "Shikamooni, mama zangu. Nimefurahi sana kufika." Tukampenda palepale. Bibi mdogo akampelekea maji na sahani ya matobolwa, mgeni akatafuna mpaka taya zikalia, akasema ni matamu, akaomba tena. Hakuuliza yametoka wapi, na nani angefikiri kuuliza?

Ndipo akasema: "Ningependa kufahamu. Je, wakati wa kiangazi, yupo mtu anayelitumia bonde hili?"

Mwenyekiti anakohoa. Wanawake wote tunatazama vidole vya miguu, utadhani vimeota jana. Mgeni akazungusha macho, akayatua kwa aliyekuwa karibu, aliyempa maji. "Mama, wewe unasemaje?"

Sasa bibi mdogo huyo, muuza chumvi akimwambia chumvi imepanda bei, yeye ndiye anayeomba radhi. Akapiga goti. Nasikia sauti yake mpaka leo, nyembamba, kama anaongea na mtoto aliyelala: "Hakuna mtu, mwanangu. Bonde ni lenu."

Bonde ni lenu! Kwetu mgeni huambiwa hivyo, kuku ni wako, nyumba ni yako. Lakini mgeni ukimwambia nyumba ni yako hahamishi vitanda. Tukapumua wote. Mwenyekiti akapiga makofi wa kwanza.

Zikaja nguzo za saruji, ukaja waya, likaja bango lenye bendera nyingi, nzuri kama kanga za sikukuu. Miti itapandwa, chemchemi itapona. Na imepona kweli, sitasema uongo, maji yanatoka mpaka kiangazi. Ila kabla ya kupanda miti vijana walitumwa kusafisha. Bibi mdogo akasimama nje ya waya na ndoo kichwani.

"Mwanangu, hayo si magugu."

"Bibi, tumeambiwa tusafishe."

"Basi niachie nikate kidogo."

"Bibi, ukiingia huku mimi nafukuzwa kazi."

Wakang'oa, wakalundika, wakachoma. Moshi ule ulinukia matembele, kijiji kizima kikanukia chakula cha jioni. Nilitaka kumtania, kumwambia leo tunakula kwa pua. Nikampokea ndoo.

Mvua zikaja, hatuna cha kupanda. Kumwomba nani, na kila mtu alikuwa ameweka yake bonde lilelile? Tulikwenda kwa miguu mpaka vijiji vya Ulyankulu, watu wakatupa ya aina nyingine, wakatupa kwa moyo, lakini yale yetu ya ganda jekundu hatukuyaona. Ndipo mradi ukaleta lori la marando ya viazi vya njano. Vitamu, watoto walinawiri, siwezi kutukana chakula. Ila nikivianika vinakuwa kama ndala, halafu vinaota ukungu. Na kiangazi marando hayo nayo yanataka tope, tope liko ndani ya waya. Kwa hiyo kila mwaka tunasubiri lori. Mwaka mmoja lori likachelewa mpaka mvua zikapita katikati. Mwezi wa pili ule tulichemsha maji, tukatia chumvi, bibi mdogo akawaambia watoto ni supu. Sura yake ikaanza kuingia ndani.

Hakuna aliyemsema. Hilo mlielewe. Wanawake wa kijiji walijua kwamba wao pia walikuwa wameinama.

Kisha tukasikia yule mgeni anarudi kutazama mradi unaendeleaje. Bibi mdogo akasema, "Dada, nitamwambia." Yeye! Nikakaa kwenye kigoda, nikajifanya mgeni, nikanyoosha shingo: "Ningependa kufahamu, mama yangu, una haja gani?" Akacheka, akakosea, nikamrudisha mwanzo. Siku nzima tunachambua mboga huku anajifunza: tunaomba pembe moja tu ya bonde, ya kulaza marando, tutaitunza sisi wenyewe, chemchemi hatutaigusa. Sijawahi kumwona na macho yale tangu tuwe wajane.

Siku ya mkutano alisimama. Hakupiga goti. Alisema yote, akaongeza na ya moshi, na ya supu ya chumvi, na ya marando aliyoyakuta kwa mama mkwe akiwa bibi harusi. Wanawake nyuma yake wanamwita mama kwa lugha yetu: "Ndiyo, mayu! Sema, mayu!" Mwenyekiti alikohoa mpaka akachoka. Nikajisemea, leo tunapewa pembe yetu, leo nitamwigiza huyu mwanamke mpaka mume wetu asikie kaburini.

Mgeni akawa mwekundu. Aliona marando yale, yaliyokwisha kuwa moshi, kwa mara ya kwanza, naapa, nilimwona akiyaona. Akamtazama bibi mdogo usoni, akamtazama tena, akamkumbuka. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira tungejua la kufanya. Alisema taratibu, mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka:

"Mama, nilikuuliza wewe. Ukaniambia hakuna mtu."