Nilimwambia Aseme Ni Kweli

Kabla sijaanza kukaa kwenye meza ya msaada wa kisheria, nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka kumi na minne. Nilizoea kuona majalada yakipungua mezani ndipo nijue siku imekwenda vizuri. Nilipoacha ile kazi nikasomea usaidizi wa kisheria, nikaungana na wenzangu wa kujitolea waliokuwa wakiweka meza mbili za plastiki kila Jumanne na Alhamisi kwenye ua mmoja pale mtaa wa Gerezani, nyuma ya maduka ya spea.

Waliotujia hawakuwa na nyumba. Walilala kwenye baraza za maduka ya Kariakoo, chini ya meza za wauza mitumba, wengine kwenye maboksi pembeni mwa kituo cha mabasi ya mwendokasi. Mmoja amekamatwa kwa uzururaji, mwingine kwa kuuza maji barabarani, mwingine amepoteza kitambulisho na hapati kingine kwa sababu hana mtaa wa kumwandikia barua. Tuliziita kesi ndogo. Nyingi zilikwisha kwa barua au kwa kumsindikiza mtu mahakamani. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, na nilijua kwamba ni hodari.

Yule mzee alikuja Jumanne moja asubuhi, amevaa koti lililoshonwa viraka vizuri mno, viraka vya fundi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimeletewa karatasi. Miwani yangu ilienda na maji ya Jangwani, naomba unisomee."

Ilikuwa ni wito wa mahakama. Alitakiwa afike Alhamisi saa tatu, kujibu shtaka la kumtukana mfanyabiashara mmoja mwanamke matusi ya nguoni, mbele ya wateja. Nilipolisoma lile tusi lenyewe kama lilivyoandikwa, alifumba macho.

Akanieleza. Alikuwa fundi wa zipu na mabegi, kwao Newala. Alipanga chumba bondeni Jangwani mpaka mvua zilipokibeba pamoja na kitanda na vitambulisho vyake vyote. Tangu hapo akawa analala kwenye baraza ya duka lile lile ambalo mchana alikuwa akikaa mbele yake kushona mabegi, na mwenye duka wa zamani hakumsumbua. Kisha duka likachukuliwa na mama mmoja muuza mapazia, ambaye hakutaka mtu mlangoni kwake. Siku ya tukio, msukuma mkokoteni alizibiwa njia na marobota ya mapazia. Akamtolea yule mama tusi zito na kuondoka na mkokoteni wake. Mama alipogeuka, aliyemwona ni mzee, ameshika sindano.

"Kuna aliyeshuhudia?" nikamuuliza.

"Muuza kahawa wa pale kona. Alisikia yote. Kasema yuko tayari kuja."

Nikajaza fomu. Nilipofika kwenye ndugu wa karibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nina binti. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, nikamlea mwenyewe mpaka darasa la saba, ndipo shangazi yake akamchukua Newala. Kila mwaka wakishauza korosho huja kunitazama. Simu sina, zinaibiwa nikilala. Lakini anajua nilipo, ni pale barazani." Halafu akaongeza, "Mwanangu, mtu aliyelea mtoto wa kike peke yake, neno lile anaweza kulitamka vipi?"

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nikamweleza kwamba akikana shtaka, hakimu atapanga siku nyingine ya kusikiliza mashahidi, na yeye atahitaji mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa, la sivyo anaweza kuwekwa mahabusu. "Mdhamini nitakutafutia mimi," nikasema. "Na muuza kahawa nitaonana naye kesho."

Kesho yake sikwenda. Mpwa wangu alikuwa na sendoff, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, Jumamosi, na mimi nilikuwa kwenye kamati. Jumatano nilikwenda kwa fundi cherehani kuchukua sare yangu, nikaikuta haijaguswa, nikakaa pale mpaka jioni kumsimamia. Mwenyekiti wa mtaa ambaye angeweza kumdhamini mzee anakaa hatua chache kutoka kwa yule fundi. Niliona mlango wake uko wazi. Nikajiambia nitapitia nikitoka, na nilipotoka mikono ilikuwa imejaa, nikapita moja kwa moja.

Alhamisi nilimkuta mahakamani kabla yangu, amekaa kwenye benchi la nje, koti limepigwa pasi. Sijui alipata wapi pasi.

"Mdhamini yuko njiani?" akaniuliza.

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningeweza pia kuingia kwa karani, ambaye nilimfundisha kazi mwenyewe, nikamwomba jalada liitwe mwisho ili nipate saa mbili za kukimbia kwa mwenyekiti. Lakini saa nane nilikuwa na miadi ya kusuka, na msusi wangu ukichelewa anampa mwingine kiti.

"Baba," nikasema, "nimelifikiria hili jambo. Ukikana, utarudi hapa mara tatu, mara nne, na mahabusu usipime. Ukisema ni kweli, hakimu huyu ninamjua, kwa umri wako atakuonya tu. Leo hii uko nje."

"Niseme ni kweli, na si kweli?"

"Ni neno tu la kumaliza kesi."

"Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya," akasema.

Sisi wasaidizi haturuhusiwi kusema mbele ya hakimu, kwa hiyo nilikaa nyuma. Shtaka likasomwa kwa sauti, lile tusi nalo likasomwa lilivyo. Watu wakaguna. Hakimu akauliza, kama inavyoulizwa katika mahakama zote za mwanzo, "Ni kweli au si kweli?" Mzee akageuka akanitafuta kwa macho kati ya watu. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni kweli," akasema.

Niliyotabiri yalitimia, nusu yake. Hakimu hakumfunga wala kumtoza faini. Alimwachia kwa masharti: asitende kosa lolote kwa miezi sita, na kwa miezi hiyo hiyo asionekane karibu na duka la mlalamikaji. Nje, yule mama wa mapazia alipita mbele yetu akasema, "Mzee mzima huna haya." Mimi nikamshika mkono mzee, nikampongeza, nikamwambia baraza nyingine za kulala zipo tele mjini. Saa nane kasoro nilikuwa kwenye kiti cha msusi. Kwenye ripoti yetu niliandika kwamba shauri limekwisha na mteja yuko huru.

Miezi miwili ikapita. Mchana mmoja nilikuwa nakatiza Kariakoo kutafuta vyombo, muuza kahawa wa ile kona akaniita. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye, lakini siku moja nikipita, mzee alikuwa amenionyesha kwake.

"Mama, samahani. Si wewe wa msaada wa sheria? Mimi nilingoja mniite."

Nikaangalia birika lake la kahawa.

"Basi binti yake alikuja," akaendelea, akiosha vikombe. "Na mtoto mgongoni. Akaenda dukani kuuliza. Yule mama akamwambia, baba yako alinitukana hivi na hivi, akamtajia tusi lote, na mahakamani alikiri kwa mdomo wake. Mimi nikamwambia dada, si kweli, nilikuwepo. Akaniuliza, sasa kama si kweli alikirije? Na mzee alikohamia sikukujua. Alikaa hapo kwenye ngazi mpaka alasiri, akaniachia namba yake, akaenda zake."

Alitoa kipande cha boksi la sigara kilichoandikwa namba. Nilisahau vyombo. Nikasimama kwenye mlango wa duka la mabati, watu wakinipiga vikumbo, nikapiga.

Nilijitambulisha kwamba ni mtu wa msaada wa kisheria niliyemsaidia baba yake. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole na baridi.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, nitamtafuta."

"Alimtukana yule mama?"

"Hapana, hakumtukana."

"Mbona alikiri?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Nilisema, "Mambo ya mahakama ni marefu, mdogo wangu, nitakueleza tukionana." Nikakata simu.

Kumtafuta kulinichukua siku nne. Niliuliza Mnazi Mmoja, niliuliza stesheni, niliuliza kwa mama ntilie wa Gerezani ambao huwa wanajua nani analala wapi. Hatimaye mmoja akaniambia kuna fundi mabegi yuko Feri, kwenye soko la samaki. Nikamkuta nyuma ya wakaanga samaki, amekalia ndoo iliyofunikwa, anashona mkoba wa mchuuzi. Alikuwa amekonda. Koti lake lilinuka samaki na moshi, na mikono ilikuwa na vidonda, kwa sababu mikoba ya wachuuzi ina magamba yanayochoma vidole.

"Mwanangu!" Alifurahi kuniona. Hilo sikulitegemea, na liliniumiza kuliko kama angenigeuzia mgongo.

Nilimweleza kuhusu binti yake. Aliacha kushona. Akaniuliza mtoto aliyebebwa ni wa kike au wa kiume, kwa sababu hakujua kama amepata mjukuu. Sikujua. Sikuwa nimeuliza.

Nikapiga simu, nikamshikia mbele yake. Nilikuwa nimeweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito kidogo, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Walisalimiana. Ni wa kike, binti akamwambia, na amempa jina la marehemu bibi yake. Mzee akacheka, akafuta macho kwa mkono wa koti. Kisha binti akauliza lile swali.

"Baba, kwa nini ulikiri?"

Mzee akanitazama. Macho yake hayakuwa ya lawama. Alikuwa kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani aliyevunja chungu.

"Nilichoka, mwanangu," akajibu. "Uzee. Nilitaka yaishe."

Na mimi nikakaa kimya. Simu ilikuwa yangu, mkono wangu uliishika, mdomo ulikuwa sentimita chache kutoka pale. Mchuuzi alikuja kuulizia mkoba wake, na niliona afadhali amekuja.

Siku hizo nililala vibaya. Nilimweleza mratibu wetu, mwanasheria kijana, nikitumaini atanikaripia. Alisema hutokea, tukiwa na kesi nyingi hutokea. Akapendekeza turudi mahakamani kuomba sharti la kutokaribia duka liondolewe. Nilimpelekea mzee habari hiyo Feri. Alikataa. "Pale nilishasimama mara moja," akasema. "Nikirudi, watasoma tena lile neno."

Binti yake alikuja wiki tatu baadaye, kumchukua baba yake akaishi naye Newala. Tulikutana Feri, pale nyuma ya wakaanga samaki. Mzee alimchukua mjukuu akaenda naye kwa wakaanga samaki, akimtambulisha kwa kila mtu. Tukabaki wawili kwenye kivuli cha ukuta. Nilikuwa nimejipanga tangu asubuhi, na bado nilianza vibaya.

"Baba yako hakuchoka," nikasema. "Alitaka kukana. Mimi ndiye niliyemwambia aseme ni kweli. Nilimwahidi mdhamini, sikumtafuta. Shahidi alikuwepo, sikumwita."

Alinisikiliza akiwa ameangalia chini. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Dada, ulikuwa unauguza?"

Alikuwa ananipa njia. Alidhani lazima kulikuwa na mgonjwa, msiba, jambo la kumfanya mtu mzima afanye vile.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa na sherehe."

Halafu akachukua mfuko wa zana za baba yake, akaufunga kamba, akaujaribu uzito. "Kule kwetu," akasema, "wameshasikia. Jirani niliyekuja naye kutoka kijijini siku ile alilisikia lile tusi dukani, akalifikisha kabla yangu. Nitawaambia si kweli. Sijui kama wataniamini." Hakuniambia amenisamehe, na sikumwomba.

Niliwasindikiza mpaka stendi. Mzee alinishukuru mbele ya binti yake, akasema bila mimi angelala mahabusu. Alisema kwa moyo wake wote, na ilinibidi niitikie asante ile, nikasema tumshukuru Mungu.

Bado nakaa kwenye meza ile. Sasa wenzangu wananilalamikia kwamba nachelewesha, mtu mmoja namkalisha asubuhi nzima, nampigia simu shahidi hapo hapo yeye akisikia. Wiki iliyopita mama mmoja muuza ndizi, aliyekamatwa na mgambo, alinibembeleza nimwambie tu akiri ili arudi kwenye biashara yake. Nilimweleza njia zote mbili, nikamwambia achague mwenyewe. Alichagua kukiri. Nilimsindikiza, akaonywa, akatoka anacheka, akaniambia, "Si nilikwambia?" Mimi nilishindwa kucheka naye. Nilimwuliza kwa mara ya pili kama kuna ndugu yeyote wa kumpa taarifa. Akaniambia, "Mama wewe una maswali," akajitwika beseni lake akaenda.