Kapitolina na kibandiko kilichodanganya miaka kumi na tisa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Kapitolina Yegorovna anainama na kupita chini ya kamba nyekundu inayofunga mlango wa bawa la kaskazini la Kasri la Lipovka. Ana tochi, ngazi ya vidato vitatu na daftari la jalada la kijivu. Nje ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Humu ndani, tangu mabomba ya joto yafungwe, si afadhali.

Anapanda ngazi, anamulika ufa, anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama muuza matikiti anavyolipima tikiti. Anasikiliza. Anagonga tena.

"Namba moja, kizima," anasema, huku akiandika. "Namba mbili, kizima. Namba tatu, umenitisha bure, na wewe kizima."

Viko arobaini na moja. Ni vipande vya jasi, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima, vimebandikwa kukatiza nyufa za ukuta. Kila kimoja kina namba, tarehe na herufi za aliyekibandika. Ukuta ukitulia, kibandiko kinabaki kizima. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, jasi inapasuka kabla jicho halijaona kitu.

Kazi ya Kapitolina, mwenye umri wa miaka sitini na nne, ni kuvizungukia kila asubuhi na kuandika neno moja mbele ya kila namba. Kwa kazi hiyo analipwa rubli elfu ishirini na saba kwa mwezi. "Zinatosha kuni na dawa za presha," anasema. "Nyama tunaitazama dukani, nayo inatutazama."

Akifika namba kumi na sita anashuka, anaisogeza ngazi, na kwenda moja kwa moja namba kumi na nane. Kumi na saba anaiacha. Ataimalizia mwisho, kama mtoto anayeogopa dawa chungu.

Kasri hili lilijengwa karne mbili na nusu zilizopita na malkia aliyetaka mwanawe wa kiume akae mbali naye, lakini si mbali mno asije akamlia njama. Fundi aliyelichora alitoka Italia: jengo kuu la ghorofa tatu, kuba juu yake, na mabawa mawili yaliyopinda kuikumbatia bustani. Kwenye karatasi lilipendeza. Ardhi ya Lipovka, hata hivyo, ni tope tupu. Ikabidi chini ya kila ukuta vipigwe vigogo vya misonobari kwa maelfu, vizame kwenye maji ya ardhini na kuubeba mzigo wote.

Gogo lililoloa siku zote halina neno. Gogo likikauka ndipo linapooza. Hilo kila mtu hapa analijua toka utotoni, na bado hakuna aliyefungua mdomo miaka miwili iliyopita, bwawa la bustani lilipokaushwa ili lisafishwe, likakaa miezi mitano bila tone la maji.

Kabla ya hapo kulikuwa na moto. Januari ya mwaka 1944, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walilichoma kasri, likabaki kuta zisizo na paa. Vita vilipokwisha, mama yake Kapitolina, Yefrosinya, alikuwa na miaka kumi na saba. Yeye na wasichana wenzake walipepeta majivu kwa chekeche wakitafuta vipande vya urembo wa dari. Kila kipande kilitiwa sandukuni na kuandikwa namba. Kwa vipande hivyo na picha za zamani, mafundi walilijenga upya, kazi ya miaka ishirini na mitatu.

Ndiyo kusema karibu kila kitu anachokishangaa mgeni leo ni kipya kuliko bibi yake. Isipokuwa kipande kimoja cha lipu katika bawa la kaskazini, upana wa meza ya chakula, kilichochorwa shada la waridi na masuke ya ngano enzi za malkia mwenyewe. Moto ulikipita. Yefrosinya alikifunika kwa karatasi ya lami aliyoiba kwenye ghala la jeshi, kikavuka majira matatu ya baridi bila paa.

"Wangemkamata wangemfunga," anasema Kapitolina. "Kwa sababu ya maua! Na mama yangu alikuwa anaogopa hata bata bukini."

Alipokua, Kapitolina aliajiriwa hapa hapa, akaolewa na Savely, fundi lipu wa kasri. Miaka kumi na tisa iliyopita, mwezi Juni, ufa mwembamba ulionekana ukipita katikati ya lile shada. Savely akaagizwa aweke kibandiko namba kumi na saba. Sheria ya kazi hiyo ni moja, na mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaijua: bandua lipu yote mpaka uone tofali jekundu, ndipo ubandike jasi.

Savely alishika patasi. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo.

"Nikamwambia, 'Savely, hapo usipaguse. Mama bado yuko hai, utamwua.' Akanigeukia. Akasema, 'Kapa, jasi juu ya lipu ni kumbandika mgonjwa plasta juu ya koti.' Nikamwambia, 'Bandika tu, nani atajua?'"

Savely akabandika. Akaandika tarehe na herufi zake mbili, akanawa mikono.

Kibandiko hakikupasuka. Vingine vilivunjika na kubadilishwa, hicho kilikaa. Kikawa utani wa kasri zima, kikaitwa kwa jina la Savely. Kiti cha Rimma Osipovna, mlinzi wa ukumbi, kilikuwa chini yake kabisa, na kila asubuhi Kapitolina alipomaliza kumulika, Rimma alimwuliza, "Savely mzima?"

"Mzima, shoga. Kanuna tu."

Miaka minne iliyopita Savely alifariki, mapafu yakiwa yamejaa vumbi la kazi yake. Rimma aliendelea kuuliza vile vile, na Kapitolina akaendelea kujibu. "Wenzangu wanakwenda makaburini," anasema. "Mimi nilikuwa nakwenda namba kumi na saba. Nikikiona kizima, siku yangu inakwenda."

Tarehe kumi na mbili Novemba mwaka jana, mguu wa ngazi uliteleza. Kapitolina akautupa mkono ukutani ajizuie, na kiganja kikapiga kando ya kibandiko cha mumewe. Sauti iliyorudi ilikuwa ya debe tupu.

Hakuwahi kupagonga hapo hata siku moja. Kilikuwa kizima, cha nini kukigonga? Lipu ilikuwa imeachana na matofali zamani, inaning'inia kama pazia, na jasi ya Savely ikining'inia nayo, nzima, safi, ikiapa kwamba hakuna kitu. Nyuma yake ukuta ulikuwa unakwenda zake.

Wiki chache mbele, ukumbi huo ulikuwa upokee mti wa Mwaka Mpya. Watoto mia tatu kwa siku, wameshikana mikono, wakiuzunguka mti kwa nyimbo chini ya ukuta huo.

Kapitolina alikaa kwenye kiti cha Rimma karibu saa nzima. Angesema, jina la mumewe ambalo kila fundi hapa analitaja kwa heshima lingegeuka kichekesho. Na bawa lingefungwa, na walinzi saba, wote wajane na wastaafu, wangerudi majumbani. "Nilifikiria kunyamaza," anasema. "Andika hivyo hivyo, usinipambe."

Alikwenda kwa mhandisi wa kasri, Vadim Lvovich Pestov, akamweleza yote, pamoja na ile ndoo.

"Una uhakika na ulichosikia, Kapitolina Yegorovna?"

"Njoo ugonge mwenyewe."

"Miaka kumi na tisa hakuna aliyegonga," Pestov alisema, akikuna shavu. "Ungegonga katikati ya Januari, sikukuu zikishapita, ingekuwaje?"

"Mjukuu wako yuko darasa la ngapi, Vadim Lvovich?"

Pestov aliinuka. Alichukua nyundo, wakaenda wote, akafungua lipu karibu na sakafu. Kiganja chake kiliingia ndani ya ufa mpaka kwenye saa ya mkononi. Kabla ya jioni kamba nyekundu ilikuwa imefungwa.

Walinzi sita waliachishwa kazi. Rimma, mwenye miaka sabini na mmoja, alihurumiwa, akapelekwa mlangoni kuwagawia wageni malapa ya kitambaa yanayovaliwa juu ya viatu, siku tatu kwa wiki. Siku anaondoa kiti chake alimwambia Kapitolina maneno mbele ya watu.

"Miaka yote nimekaa pale, nafuma soksi. Chini ya uongo wenu, wewe na mumeo. Nikikuuliza mzima, unaniambia mzima!"

Hakumsemesha tena. Walipokutana kwenye ngazi kuu, Rimma alitazama dari. Kapitolina anasema mengine yote ameyameza, lakini maneno hayo ya Rimma bado.

Halafu likaja suala la shada. Mafundi wa kuhamisha michoro waliombwa kutoka Petersburg, wakajibu kwamba nafasi ipo Septemba. Ukuta hauna Septemba. Theluji ikiyeyuka mwezi Aprili, ardhi italegea, na vigogo vilivyooza havitabeba kitu. Pestov akaamua ukuta wote ubanduliwe lipu, ushonwe kwa vyuma kabla ya mwisho wa Machi.

Kapitolina akaomba patasi. "Mama alilificha, mimi nikalitetea mpaka nikataka kuua watoto wa watu. Asije akalivunja mgeni."

Kazi ilimchukua siku mbili. Alilia zote mbili, wala hafichi. Waridi tatu zilitoka nzima. Masuke ya ngano yaligeuka unga mikononi mwake. Vilivyosalia, vipande mia mbili na kumi na viwili, alivipanga kwenye trei za mayai, kila kimoja na namba kwa penseli, kama mama yake alivyofanya. Trei zimejaa jikoni kwake. Yeye anakula chakula amepakata sahani.

Tarehe nne Februari, juu ya tofali jekundu, alibandika namba kumi na saba mpya kwa mkono wake. Aliandika herufi za Savely, na chini yake za kwake.

Sasa amemaliza arobaini vingine. Anarudi na ngazi. Anapanda, anamulika. Ni siku ya tisa tangu kibandikwe.

Katikati ya jasi, toka juu mpaka chini, kuna mstari mwembamba kama uzi wa kushonea.

 Anaupitishia ukucha. Kisha anafungua daftari, na mbele ya namba kumi na saba, ambapo kwa miaka kumi na tisa pameandikwa neno lile lile, anaandika: Kimevunjika.

"Vyuma vinakuja tarehe tatu Machi," anasema akishuka. "Vikiwahi, ukuta utasimama. Bwawa wamesharudishia maji, vigogo vibovu wataviondoa kiangazi, wamwage zege. Siku utakapotulia mwaka mzima, nitazileta trei zangu. Nitakuwa na miaka mingapi? Wacha iwe. Mama alikusanya kasri zima. Mimi nina shada moja tu."

Kuna mtu kwenye kamba. Ni Rimma Osipovna, amevaa koti juu ya sare, bilauri mbili za chai zikitoa mvuke mikononi mwake. Haruhusiwi kuingia, na huku hakuna anayempa mtu kitu juu ya kizingiti, ni kukaribisha shari. Anasimama upande wake. Anakohoa.

"Savely mzima?" anauliza.

Kapitolina anafunga daftari. "Kavunjika, Rimma."

Rimma anautazama ukuta mtupu, mahali kilipokuwa kiti chake.

"Basi toka huko, mjinga wewe," anasema, "kabla hajakuangukia."

Kapitolina anabeba ngazi yake, anainama, na kupita chini ya kamba.