Jina Langu Katika Daftari la Wachelewaji

Wanaosema watoto wa mtaa wetu wa Kasungami wanazaliwa wezi hawajawahi kupanga foleni ya maji pamoja nasi. Mama alikuwa akienda shambani kabla jua halijachomoza. Maji yalikuwa kazi yangu, mimi msichana wa miaka kumi na sita, na ya mdogo wangu wa kiume wa kumi na mitatu. Bomba lilikuwa moja kwa mtaa mzima. Tukishajaza madumu tulikimbia kwenye vumbi jekundu hadi shuleni, na mara nyingi tulikuta bendera imeshapandishwa, lango limefungwa.

Mlinzi alinichungulia. "Mwana mukazi, ingia mbio. Inje kuko bantu babaya." Kisha akamzuia mdogo wangu kwa fimbo. "Weye mwanaume, bakia. Ujifunze kuamuka."

Nikaingia. Wiki baada ya wiki niliingia, nikajifunza kuandika insha. Mdogo wangu alijifunza yanayofundishwa nje ya ukuta: karata, sigara, na mwishowe kuchuna nyaya za shaba za wizi pamoja na vijana wakubwa, waliomwona ana njaa na hana pa kwenda. Akakamatwa na kipande cha waya mkobani, kati ya madaftari.

Prefe, mkuu wa shule, akatuita sote na mama. Alitaka kumfukuza mdogo wangu. Akafungua daftari la wachelewaji.

"Mama, angalia. Jina ya huyu mutoto iko kila juma. Ni hivi mwizi anaanzaka."

Nikalivuta daftari. "Na yangu iko wapi, Prefe? Tulikuwa tunafika pamoja."

"Yako haiko. Weye uko mwanafunzi muzuri."

"Niko muzuri juu mulinifungulia lango!"

Mama akanifinya paja. "Nyamaza, utatuharibia!"

"Yaya, acha," mdogo wangu akaninong'oneza mimi dada yake.

Sikuacha. Nilichukua kalamu mezani, nikaandika jina langu chini ya lake, ukurasa kwa ukurasa, hadi Prefe akaninyang'anya.

"Basi mutufukuze bote babili," nikasema.

Prefe akazifunua tena zile kurasa, akisoma majina yetu mawili. Mwishowe mdogo wangu akaachwa abaki shuleni. Sote wawili tukapewa adhabu ya wiki moja nyumbani. Kwangu akaongeza barua ya kuomba radhi, niiandike palepale. Nilimrudishia karatasi tupu. Wiki yangu ikawa mbili.

Mama alinigombeza njia nzima. "Kichwa nguvu kama shangazi yako!" Lakini alikuwa ameushika mkono wa mdogo wangu, mbele ya majirani wote, wala hakuuachia.