Sharubati ya Kazi

Seli zangu ninazilisha mwenyewe. Vijana wa maabara hunicheka chinichini, maana kubadilisha maji ya seli ni kazi ya mwanafunzi aliyeingia juzi, si ya mwanamke mwenye mvi na kiti chake kwenye vikao vya wakubwa. Nawaacha wacheke. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Maji yenyewe ni mekundu ya kupauka, rangi ya sharubati. Yana sukari, chumvi, vitamini, na maji ya damu ya ndama yaliyochujwa. Seli zinazoyanywa zilitoka kwenye taya la mdogo wangu wa mwisho, aliyefariki kabla hajamaliza darasa la pili. Yeye amelala kijijini kwetu Kigombe, karibu na kaburi la baba. Seli ziko nami ugenini, hai, na zinaongezeka. Kila nilichokipata katika sayansi ya saratani, tangu shahada hadi hicho kiti, nimekipata kwa kuzitazama, na mpaka leo sijazizoea.

Nilikuwa Ulaya kwa masomo miaka ile ambayo nyumbani sabuni ilikuwa ikikatwa vipande kama mkate. Mama alikuwa mpishi wa vitumbua, na Kigombe nzima ilimjua kwa hilo. Sukari ilipoadimika alijaribu kuvitia asali, kisha akavipika kwa tui tupu, watu wakala kwa adabu bila kusifu. Mwishowe aliliosha karai lake, akaligeuza kifudifudi juu ya kabati na kusema nalo lipumzike, limefanya kazi nyingi.

Mwalimu wangu wa huko aliniita siku moja akaniambia nina bahati ya mahali nilipozaliwa. Pwani zenye malaria nyingi kama yetu ndizo zenye ule uvimbe wa taya wa watoto, saratani inayokua upesi kupita nyingine zote. Alitaka niende hospitali ya Tanga, nipate vipande vidogo vya uvimbe, nivirudishe vikiwa hai. Nilifunga begi kwa furaha. Niliwawekea watu wa nyumbani sabuni, dawa ya meno, vitambaa na vidonge vya kichwa. Sukari niliiacha kwa kuwa ni nzito. Nilihitaji nafasi ya chupa za yale maji mekundu, na chupa hazikubanwa na kitu.

Mdogo wangu alinipokea njiani, akachukua mfuko wangu mdogo na kuuweka kichwani. Shavu la upande mmoja lilikuwa limejaa kama la mtu aliyeficha embe mdomoni. Barua ya kunijulisha ilikuwa bado iko njiani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Una nini hapo?"

"Meno yanacheza," alisema. "Mama anasema ni ya utoto."

Nilimshika kidevu, nikaligeuza shavu kwenye mwanga. Hapo ndipo ninapojichukia. Kabla moyo haujaniuma, akili yangu iliruka kwa furaha kidogo, kama mtu aliyekwenda kuteka maji mbali akakuta kisima uani. Furaha ile haikuchukua muda wa kupepesa jicho, lakini ilikuja ya kwanza. Uchungu ulikuja wa pili, na haujawahi kupata nafasi ya mbele tena.

Nyumbani alikuwa hawezi kutafuna. Mama alimnywesha uji wa chumvi kwa upande wa mdomo usiovimba, polepole. Nilipofungua begi, mtoto hakuitazama sabuni wala kitambaa. Aliziona chupa.

"Dada, hiyo sharubati ya Ulaya?"

"Si ya kunywa hiyo."

"Ina sukari?"

Sikuwahi kumdanganya, nikasema ina sukari.

"Basi ya nani?"

"Ya kazi."

Alicheka kwa upande mmoja, mkono umefunika shavu. "Mama, sikia. Kazi ya dada yanywa sharubati, na mie nanywa uji wa chumvi."

Mama naye akacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikazirudisha chupa begini na kuvuta zipu. Nimejitetea mara nyingi: mle mlikuwa na dawa za kuzuia vijidudu, chupa ikifunguliwa inaharibika, na maji yale yangemtapisha tu. Yote ni kweli. Lakini mtoto aliyesahau ladha ya sukari aliiona sukari mkononi mwa dada yake, akaiomba kwa utani ili asionekane mwombaji, na mimi nikafunga zipu. Hata kumtilia tone kwenye ncha ya kijiko sikufikiri. Nilikuwa nawaza chupa zangu zisipungue.

Tulimpeleka Tanga. Daktari alikuwa mtu mpole mwenye viatu vilivyotobolewa na safari za wodini. Alipapasa taya, akanitazama mimi kwa kuwa aliambiwa mimi ni msomi.

"Unaujua huu," alisema.

"Naujua."

"Dawa yake unaijua pia. Sindano chache tu uvimbe unanywea, na watoto wengi hupona. Lakini hatuna. Hatujaiona siku nyingi."

Dawa ile ilikuwa imejaa kwenye jokofu la hospitali iliyopakana na maabara yangu. Nilipita mbele ya mlango wake kila asubuhi nikienda kunywa kahawa. Nilikuwa nimebeba kutoka huko chakula cha kuulisha uvimbe, si dawa ya kuuua, na nilikuwa nimekibeba kwa ajili ya uvimbe wa watoto wa watu wengine. Hilo nalo nililiona palepale: kwamba wale wengine nisingewalilia.

Daktari alikata kipande ili athibitishe. Mama alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Tulipotoka alikuwa na swali moja tu.

"Kiko wapi kilichokatwa?"

Kwetu kilichotoka mwilini hakitupwi. Kitovu, nywele za arobaini, jino, hata kidole cha mtu aliyekatwa na mashine ya mkonge, huviringishwa kitambaa vikazikwa, kwa sababu mwili ni amana na mwenyewe ataudai. Daktari alilijua hilo, akampa kipande kikubwa kwenye kichupa. Kipande kidogo, mfano wa tunda la kunazi, kilikuwa tayari mkononi mwangu ndani ya maji mekundu. Sikukificha. Nilimwambia mama kwamba nataka kukipeleka huko niliko, nikikuze, tujue maradhi haya yanaanzia wapi.

Alikiinamia, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Kitakuuma?" akamwuliza mtoto, na mtoto akasema hakimuumi, kishatoka.

"Basi nakuazima," mama akaniambia. "Si hiba. Ukishamaliza, unirejeshee, nimzike mwanangu na vyake vyote siku yake ikifika, nami nisiwe na deni lake siku yangu ikifika."

Nilisema inshallah. Siku ya kuondoka alitoa mbeleko aliyombebea mtoto huyo alipokuwa mchanga, akanifunga nayo chupa tumboni, chini ya gauni, kwa kuwa nilimwambia ikipata baridi kipande kitakufa. Alikaza fundo mwenyewe. Mdogo wangu alisimama mlangoni, shavu limeshafika kwenye jicho, akanipungia mkono. Hatukusemeshana tena juu ya sharubati.

Nilipofika, nilikwenda maabara kabla sijakwenda kwenye jokofu la dawa. Toka maabara hadi kwenye dawa zilikuwa hatua chache tu, lakini seli zingekufa, nikajiambia dawa ni ya kesho. Kesho ilikuwa na karatasi za kusainiwa, kisha ikatafutwa ndege, kisha akatafutwa mtu wa kuaminika. Dawa ilifika Kigombe baada ya hitma ya mdogo wangu. Seli zilikuwa zimeshajaza chupa ya pili.

Ziligeuka kuwa seli nzuri mno. Ndani yake kipande cha kromosomu kimevunjika na kujishikiza kwenye nyingine, na jeni la kuamrisha kukua limejikuta jirani na mlango usiofungwa. Hilo walikwisha kuliona wengine. Mimi nilishika njia ya pembeni: namna seli zinavyoweza kuzinyamazisha jeni bila kubadilisha hata herufi moja ya urithi, kwa kuzibandika vialama vidogo, na namna kirusi kinachoishi ndani ya seli hizo kinavyotumia ukimya huohuo kujificha. Niliandika, nikasifiwa, nikaalikwa. Wenzangu waliomba seli, nikawapelekea. Ni kama vijiti vya mhogo: ukimpa jirani kimoja, mwakani ana shamba, na jirani yake naye ana shamba, wala huwezi kwenda kung'oa. Mimi niligawa nikitabasamu, kwa kuwa kila aliyepokea alilitaja jina langu. La mdogo wangu hakuna aliyelijua. Kwenye chupa niliandika tarakimu.

Mama hakuniacha nisahau. Kila nilipopata kumpigia simu, naye akiipokea Tanga dukani kwa jirani yetu mfanyabiashara, tulisalimiana, akaniuliza afya, baridi, kula, kisha akauliza, "Na yule wa kwenye chupa, hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Hujamaliza tu?"

"Bado kidogo."

"Haya. Kazi haiishi, huisha mwenye kazi."

Alisema kwa mzaha, nami nilikata simu upesi.

Nilikuja kurudi zile siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani Tanga kulikuwa na kila kitu. Sukari ilikuwa imesimama kwenye magunia mpaka barazani, na watu walipita kando yake bila kuitazama. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Nilinunua mfuko, nikaubeba Kigombe pamoja na kichupa nilichotoka nacho Ulaya, ndani yake seli nilizozifisha na kuzisafisha, unga mweupe chini ya maji kidogo.

Mama alikuwa amezeeka, lakini karai lilikuwa limeshuka kutoka kabatini. Aliipokea sukari, akaiweka kando. Kichupa alikipokea kwa mikono miwili.

"Hiki tu?"

"Hiki tu."

"Ndicho chote?"

Ningeweza kuitikia. Hakuna mtu duniani angemwambia vingine.

"Si chote, mama. Nyingine ziko kwangu, na nyingine niliwagawia watu. Ziko nchi nyingi, siwezi kuzikusanya."

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alichukua kipande kipya cha bafta, kitambaa cha sanda, akaviringisha kichupa, tukaenda kwenye kaburi la mdogo wangu. Alichimba ubavuni mwa kaburi kwa upawa wake, hakutaka nimsaidie, akakiweka, akafukia, akasoma alichosoma. Kisha akakaa palepale mchangani akipangusa viganja.

"Hao waliobaki," alisema, "wako hai?"

"Wako hai."

"Wala chakula gani?"

"Sukari. Na chumvi, na vitamini. Nawabadilishia maji kila baada ya siku chache."

"Washiba?"

"Wanashiba."

Akanigeukia.

"Ni yale maji mekundu? Ile sharubati aliyoitaka?"

"Ile ile, mama."

Mama aliinama, akausawazisha mchanga kwa kiganja, taratibu, kama anavyosawazisha unga wa mchele kwenye ungo.

"Basi aliipata," alisema.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kwamba anayeinywa si yeye. Ni ule uvimbe uliomziba kinywa, ndio ninaoulisha sukari miaka yote hii, na yeye alikufa na ladha ya uji wa chumvi. Mama alikuwa amenitazama, anangoja.

"Aliipata," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, akanipa mkono nimwinue. Tulirudi nyumbani, akakaanga vitumbua kwa sukari niliyoleta, akanitazama mpaka nikavila. Wiki iliyofuata nilikuwa Ulaya, nikavaa koti jeupe, nikafungua chupa, nikaulisha uvimbe.