Nilivyowaongoza Wanyiha Mnazi Mmoja

Jamani, aibu hii nimeificha tangu nirudi hapa Iyula, lakini leo naitema, maana mjinga wa mkasa wenyewe ni mimi na simsingizii mtu.

Nilikuwa boi kwa Mzungu mmoja Dar es Salaam, kiburi kimenijaa mpaka puani, nywele nimezichonga njia kwa wembe, na nimepeleka jembe la posa, kama ilivyo desturi yetu, kwa Mzee Silwimba, Mnyiha mwenzetu wa Nanyala aliyekuwa mpishi huko huko mjini. Nilimtaka binti yake Eliza. Mzee akasema atanijibu baada ya sikukuu ya Serikali, ambapo kila kabila la mjini lingecheza ngoma yake uwanja wa Mnazi Mmoja. Karani akapita akiuliza nani atawaongoza Wanyiha, wenzangu wakatazamana, nami nikaona Eliza ananiangalia, basi, nikanyoosha mkono. (Mimi! Mtoto wa misheni niliyekatazwa ngoma tangu utotoni, hata makofi tulipiga kwa ruhusa ya mwinjilisti!)

Wiki nzima nikawa nadharau watu, Wazaramo nasema wanatikisika tu, Wagoa na fidla zao nasema wanakwaruza masufuria. Mwenyewe nilikuwa na ngoma moja tu kichwani, niliyoichungulia kwenye tundu la uzio nikiwa mdogo. Nikawafundisha wenzangu wanne, nao watoto wa misheni vilevile, wakaniamini, mbumbumbu wakubwa.

Siku ikafika, uwanja umefurika, Wahindi, Waarabu, Wazungu wamekaa kivulini. Tukaingia na nyungo mikononi na njuga miguuni, mimi mbele, natingisha mabega, nabinua kiuno, nikaona akina mama wa kwetu wanashikana kwa kicheko, nikadhani wamefurahi, nikazidisha! Mama yake Eliza akashindwa kuvumilia.

"We Nzunda! Hiyo ni ngoma ya kumtoa nje mama wa mapacha! Wanacheza wanawake! Umejifungua lini, baba?"

Mkalimani (mmbeya yule sijapata kuona) akawatafsiria Wazungu, uwanja mzima ukaangua kicheko, Eliza akajifunika uso kwa kanga, nami nimesimama na ungo wangu sijui niuweke wapi.

Jumapili nikaenda kwa Mzee, nimenywea.

"Shikamoo baba. Nisamehe, sikujua."

"Marahaba. Kutojua si kosa," akasema. "Ungesema hujui ningekufundisha mwenyewe, na Eliza ningekupa. Lakini mtu anayeudanganya mji mzima mchana kweupe, mwanangu atamdanganya nini chumbani?"

Akaingia ndani, akatoka na jembe nililoposea, akaniwekea miguuni. Nikalibeba begani kupita mjini, nimevaa tai, watu wananisalimu kwa kunitingishia mabega.

Tangu hapo nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, tena kwa sauti, anayecheka acheke. Eliza aliolewa. Jembe lile ndilo nalolimia kahawa mpaka leo, na bado halijaisha makali.