Nyanya za Kuwapendeza Wageni

Wageni walikuwa wameanza kuchuma nyanya wenyewe, kama mjane mwenye shamba alivyowaahidi, wifi yake aliponong'ona, "Wifi, asubuhi nimezipulizia dawa kidogo, wadudu wasije wakatuaibisha."

Mjane aligeuka upesi kuwatazama wageni. Shamba lao lilisifika kwa kutotumia sumu, na kikundi kizima cha wanawake wakulima wa hapo kijijini kilipata wageni kwa sifa hiyo. Hatua chache mbele yake, mgeni mjamzito alikuwa akifuta nyanya kwa kitambaa.

"Nyamaza tu, wataziosha," wifi alisihi.

"Na ikishafika tumboni, utaiosha wewe?" Mjane akakimbia akipiga kelele, "Usile, mwanangu! Zina dawa!"

Alipompokonya ile nyanya, ilikuwa bado nzima. Lakini wageni wote walikuwa wamesikia.