Chaza wa Maji Mekundu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukiishi Houston, niliamini kwamba hakuna sumu ya baharini inayoishinda fedha. Bibi, aliyemzaa mama yangu, alikuja na imani hiyo kutoka Pemba: tia pete ya fedha chunguni, isipogeuka nyeusi, kula.

Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na hamu ya chaza ilimshika vibaya. Jumamosi moja, Baba akiwa safarini na lori lake, Mama alituendesha hadi ufukweni Galveston. Miguu ilimvimba, akabaki garini. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya rangi, samaki wamekufa mchangani, na upepo ulituwasha koo.

"Bibi, ile sign inasema chaza ni danger."

"Hayo yao. Sisi tuna fedha," alisema, akiendelea kuwabandua chaza kwenye mawe kwa kisu.

Mama sikumwambia. Nyumbani pete ilichemka, ikatoka nyeupe. Bibi alikuwa analipa saumu, na mimi chaza nilikuwa siwezi hata kuwatazama. Mama akala peke yake, sahani nzima.

Kabla ya alasiri midomo ilimfa ganzi. Nikampa maji baridi, akapiga kelele kwamba yanamuunguza. Kisha miguu ikamlegea. Nikapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini ulimi wa Mama ulikuwa mzito, na Bibi hakujua Kiingereza. Daktari akaniuliza mimi: amekula nini?

Nikasema wali.

Niliogopa watamkamata Bibi. Akaniuliza tena, nikasema wali tena, huku Mama akihangaika kuvuta pumzi. Sijapata kuogopa hivyo tena maishani.

"Umemwambia nini?" Bibi aliuliza.

"Wali."

Akanishika kidevu. "Mwambie chaza. Mwambie nimempa mimi mamake, na onyo nililisikia nikalipuuza."

Nilisema huku nalia. Daktari akatoka mbio.

Mama alipona, na mdogo wangu akazaliwa salama. Ukubwani nilijifunza kwamba wekundu ule ni vijimea vidogo mno vilivyozaliana baharini. Sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa, wala fedha haiioni.

Watu wa nyumbani bado humcheka Bibi kwa pete yake. Amekwishafariki, na hakumwambia mtu yeyote kwamba nilidanganya mara mbili. Lawama yote aliibeba yeye, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwachia.